Miamala Kumi na Mitatu

Saa saba za usiku, Nkuhungu. Upepo wa Julai
unapenyeza vumbi chini ya mlango wa ushirika,
nami nimejifunga koti la Ndahani, mlinzi,
linalonuka tumbaku na mbuzi.

Kwenye kioo, mistari kumi na mitatu ya njano.
Si nyekundu. Nyekundu ningeielewa:
nyekundu ni msiba, watu hulia wakazika.
Njano ni mgonjwa asiyepona wala kufa.

Seva ya hapa tuliiita HOMBOLO.
Ile ya Mpwapwa, KIBORIANI.
Kila moja na mtandao wake, kampuni yake, ukuta wake,
kama wake wenza waliojengewa vijiji tofauti.
HOMBOLO inapiga hodi: Natoa laki sita na arobaini,
malipo ya zabibu za Sechelela Mahinyila.
Uko tayari kuzipokea?
KIBORIANI inasikia. Inafungua daftari,
inaandika: Tayari. Inaitia akaunti kufuli
ili mkono mwingine usiiguse.
Halafu inageuka kujibu.

Na hapo ndipo sauti inapopotea.

Sechelela amepiga simu mara tatu tangu adhuhuri.
"Hela yangu iko wapi, mwanangu?"
Iko njiani, mama.
Uongo. Hela haiko njiani,
iko kizingitini, nyumba mbili zimeishika,
moja kwa ahadi, moja kwa shaka.
Na ahadi ni deni hata kwa chuma:
aliyesema tayari haondoki, halali,
atashika kufuli hadi aambiwe neno.

Nilianza na ukuta. Lango mia moja thelathini na tano: wazi.
Malango ya juu, elfu tano hadi elfu tano na mia mbili: wazi.
Nikashuku saa, nikashuku nyaya, nikamshuku panya
aliyetutia hasara mwezi Machi.
Nikamwamsha Yeremia kule Mpwapwa.
"Iulize mashine yako, inamjua HOMBOLO?"
Nikasikia vidole vyake, polepole,
na jogoo aliyekosea saa.
"Inasema haijawahi kulisikia jina hilo."

Yaani ni hilo tu.
Wiki iliyopita walibadilisha kisanduku cha mtandao
na orodha ya majina ikaenda nacho jalalani.
Asiyekujua hakuthamini, tunasema;
huyu alithamini, akafunga kufuli, akasubiri,
ila hakujua amjibu nani.

Yeremia akaandika mstari mmoja: namba, nafasi, jina.
"Jaribu." Shilingi moja ikaenda, ikafika, ikarudi.
Tukacheka kama wezi.

Lakini ile kumi na mitatu bado inaning'inia.
Karani wa mchana, Chiwanga, alipochoshwa na makelele ya dirishani,
aliwalipa baadhi taslimu, wengine akawaambia kesho,
akaandika yote kwenye karatasi ya sukari.
Kwa hiyo mmoja mmoja, kwa mkono:
Sechelela, thibitisha.
Chidumizi alishapewa; tengua, hela ibaki ilikotoka.
Mama wa karanga wa Kongwa, thibitisha.
Kila nikibonyeza, kufuli moja linaachia
na mahali fulani daftari linapumua.

Wa kumi na tatu ni Nhembo Matagwa,
shilingi elfu kumi na nane,
na karatasi ya Chiwanga imelowa chai palepale.
Ningeweza kukisia. Elfu kumi na nane, nani atauliza?
Nhembo atauliza.

Nimemwandikia: Jana dirishani, ulipewa mkononi?
Upande wa stesheni treni ya mizigo inapiga honi,
hakuna anayeijibu.
Nimekaa ndani ya koti la mtu,
mstari mmoja wa njano usoni,
nami sasa ndiye niliyeshika kufuli.