Soksi ya Pili

Saa moja u nusu. Kutaisi bado ni giza la masizi,
mto Rioni unakoroma chini ya daraja,
na mimi, Malkhaz, fundi wa breki za malori,
nimeshika chanuo kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

"Baba, unavuta."
Sivuti, Tekla. Natafuta.
Natafuta ule mstari wa katikati ya utosi
ambao mama yako aliuchora mara moja tu, bila kutazama,
ameuma vibanio vitatu mdomoni
na bado anagombana na jirani kupitia dirishani.

Bachana yuko chini ya meza.
Mguu mmoja umo ndani ya soksi, wa pili umegoma.
Leo yeye ni paka,
na paka, anasema, hawaendi chekechea.
Jana alikuwa treni. Treni ilikuwa nafuu:
nilipiga filimbi, ikatoka mlangoni yenyewe.
Paka ana kucha.

Mkate wa jibini umeungua upande.
Naukwangua kwa kisu, naugeuza,
nautenga uso mzuri ukiwa juu.
Kuni mbichi, jiko linakohoa.
Daftari la hesabu limelewa chai.
Kiatu cha kushoto kipo. Cha kulia...
Haraka haraka haina baraka, husema watu
ambao hawajawahi kutafuta kiatu cha kulia
saa mbili kasorobo, kengele ikiwa ng'ambo ya mto.

Simu imeegemea kopo la sukari.
Ndani yake yumo Nestan, ukubwa wa kiganja.
Kwake, huko Bari, ni saa kumi na moja kasorobo,
hata waoka mikate hawajafungua.
Anamvisha soksi Bibi Immacolata,
wa miaka tisini na mmoja,
ambaye naye leo hataki.
Anadai ni Jumapili.
Anadai mama yake anamsubiri kanisani.

Basi tupo hivyo, mume na mke, tumepiga magoti,
bahari mbili katikati yetu,
kila mmoja ameshika kisigino kisicho radhi.

"Ikunje kwanza mpaka kwenye vidole," ananielekeza,
"halafu vuta polepole, huku unamwambia kitu."
"Nimwambie nini?"
"Chochote. Mimi huyu namwambia habari zenu."

Nainama chini ya meza.
Namwambia paka: kuna bibi, mbali sana,
ana miaka mingi kuliko hii nyumba,
na amekataa soksi.
"Zote mbili?"
"Zote mbili."
Anafikiri. Ulimi unachungulia pembeni mwa mdomo.
Kisha ananinyooshea mguu, kama mfalme.
"Mwambie mimi nimevaa."

Nestan anatafsiri.
Kutoka kwenye kopo la sukari inatoka sauti kavu ya kizee,
neno moja, hatulijui.
Nestan anacheka, anacheka mpaka picha inaganda
akiwa amefumba macho,
kisha anapotea.

Hatupigi tena. Salio lina wiki yake, na saa ina yake.
Kiatu kimeonekana ndani ya kapu la kuni;
paka, kumbe, alikuwa amekilaza.
Tekla anajitazama kwenye kioo cha dirisha,
msuko mmoja mnene, mmoja kama uzi wa buti.
"Itafika mpaka kipindi cha hesabu?"
"Itafika mpaka nyumbani," najibu,
nami najua nadanganya,
naye anajua, anavaa begi.

Vifungo. Kofia. Glavu, moja nyekundu, moja ya nani?
Ngazi, ngazi, bwawa la maji ya mvua,
Bachana analirukia kwa miguu yote miwili,
soksi zote mbili.

Saa tatu na robo narudi kuchukua funguo za gereji.
Simu bado imeegemea pale pale, nyeusi.
Nainama kuichukua, na ndani ya kioo chake
namwona mwanamume mwenye masizi kwenye paji la uso,
ameuma vibanio vitatu mdomoni.
Kumbe nimewavusha barabara nzima hivi hivi,
nimemwamkia na mwalimu mkuu.