Ua Ule Ule

Usiku wa Jumanne nguchiro aliingia.
Hakubeba hata mmoja. Aliua saba, akaenda zake,
akawaacha shingo zimelegea kama soksi kambani.
Asubuhi mama aliwahesabu kwa fimbo, kutoka kitini,
kisha akawahesabu tena,
kana kwamba hesabu ingeona haya ikajirekebisha.

Ayikoru, jirani, akasimama mkono kiunoni:
"Kuku wa maskini hatagi, na akitaga..."
"Wangu walitaga," mama akamkata.
"Mayai ulikula wewe."

Nikaiangalia bustani yake nyuma ya jiko.
Miaka mitatu mama hajainama:
goti la kulia limekataa, la kushoto likaunga mkono hoja.
Magugu yamempita mpapai kiuno.
Na kuzunguka pande zote, miiba,
aliyoipanda mwenyewe kabla sijaota meno,
kumzuia nani?
Kuku.
Mikono ile ilivyowarushia madongoa!
Utotoni nilijua matusi ya kuku kabla ya salamu za wageni.

"Tuwaweke pale," nikasema.
"Pale?"
"Pale, mama."
Akanyamaza mpaka chai ikashika utando.

Amandu wa duka la vifaa, mjini Arua, alinicheka kwa upole.
"Waya huu wa matundu makubwa, dada,
unamzuia kuku asitoke. Mwizi haumzuii.
Nguchiro habishi hodi. Anachimba."
Akanionyesha kwa kiganja: nusu mita chini,
halafu ukunje kwenda nje, kama pindo la sketi.
Nikamhesabia zamu kumi na nne za usiku wodini,
noti moja baada ya nyingine.

Jumamosi tukachimba, mimi na Obiga, mtoto wa Ayikoru.
Udongo ukaanza kutoa ulivyofichiwa:
kifungo cha gauni la kijani,
betri ya redio,
jembe lililolika likabaki kama ulimi,
na kiazi. Kimoja. Chekundu,
kikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga,
wala hakuna aliyekipanda.

Mama akakiomba.
Akakipakata, akakifuta kwa pindo la kitenge,
akakigeuza upande, akakifuta na huko.
Tukajifanya tunatafuta koleo.

Kisha amri zikaanza. Asiyeweza kuinama hujenga kwa mdomo:
"Nguzo hiyo imelewa! Obiga, jiwe!
Mlango ufungukie ndani, wasimwagike kama mtama!
Jivu mwageni pembeni, waogee!"
Juu tukatandika nyavu chakavu za wavuvi kutoka Rhino Camp,
bado zina harufu ya sangara,
kwa ajili ya mwewe, ambaye hana haraka,
anazunguka tu kama mdai.

Nilipoinua panga niikate miiba, alisema, "Iache."
Nikaiacha.
Kwa hiyo ua ni ule ule,
uliowafukuza kuku ndio unaowafuga,
na waya umesimama ndani yake kama mkwe mpya,
umenyooka, unang'aa, haujazoea nyumba.

Usiku wa tano nilitoka kazini alfajiri, nikapita huko kwanza.
Kumi na wawili. Wote kwenye kichanja, wamejikunyata, wananilaumu kwa tochi.
Nje, karibu na nguzo iliyokuwa imelewa, udongo mbichi:
alichimba kiganja kimoja, akakutana na waya,
akasogea hatua mbili, akachimba, akakutana nao tena.
Kucha zake zimechorwa wazi kama saini.

Nikambeba mama mgongoni akaone.
Mwepesi, jamani. Sikujua amekuwa mwepesi hivi.
Akatazama muda mrefu juu ya bega langu.
"Amejaribia kwenye maharagwe," akasema.

Hapo hapana maharagwe tangu magoti yake yagome.
Pana unyoya, jivu, maganda ya muhogo.
Lakini ndivyo anavyotuelekeza hadi leo:
yule kishungi analala upande wa simsim,
maji yamepinduka kwenye mchicha, wahini,
na yai la kwanza, la rangi ya chai ya maziwa,
bado la moto,
Obiga aliliokota kwenye viazi.