Waya wa Pini

Akiba haiozi, husema mama.
Mama hajawahi kulipia ghala Barabara ya Lunga Lunga,
wala kuona baridi ya Julai ikinywewa na karatasi
mpaka gombo la tani nzima livimbe ubavu
kama ng'ombe aliyekula majani mabichi.

Bwana Hirani naye: "Mzigo uliolala ni pesa iliyolala."
Basi nakaa kati yao na penseli.
Mlangoni wameandika MPANGAJI. Landilodi wangu hucheka.

Agosti napanga Januari.
Watoto wangapi watahitaji daftari? Sijui.
Nauliza mwaka jana, mwaka jana unanidanganya.
Namuuliza Musembi wa mauzo, anatazama dari:
"Andika laki nane."
Nakata robo. Namjua Musembi.

Kisha nafumua daftari moja, kurasa tisini na sita,
nalirudisha lilikotoka:
karatasi, siku arobaini baharini, nane bandarini,
moja juu ya reli hadi Embakasi;
jalada kutoka Thika, "kesho", yaani Alhamisi;
wino wa samawati wa ile mistari
ambayo mtoto hataifuata.
Mashine mbili. Ya pili inakohoa.
Barasa huijua kwa sikio, na Barasa ana likizo Desemba.
Hilo pia nimeliandika, kwa wino mwekundu.

Hesabu ikakubali. Usiku huo nililala.

Tarehe kumi na nne Desemba,
karatasi imefika, wino umejaa,
vibarua thelathini wamefunga aproni,
Barasa karudi kutoka Webuye kabla ya siku zake,
mashine zikanyamaza.

Waya.
Waya wa pini, koili unayoweza kuivaa kama bangili,
kitu nilichokiandika chini kabisa ya orodha
kikakunjwa pamoja na ukingo wa karatasi.

Sasa najua kimya cha kiwanda:
unasikia kunguru akitembea juu ya mabati,
unasikia mtu akimenya chungwa.

Nilivuka barabara, nikaingia kwa washindani wetu.
Nyaboke, mpangaji wao, alinitazama kwa muda.
Hakucheka. Akavuta droo.
"Nina koili sita. Mimi nimeishiwa gundi."

Tukapimiana pale pale, kama majirani
wanaoazimana chumvi, na mabwana hawajui.

Saa nane mashine zikaanza, ya pili ikikohoa.
Nikatoa karatasi mpya ya orodha
na juu kabisa nikaandika: waya.