Buluu ya Kasese

Ithungu alichuja mwani kwa kipande cha kanga,
usiku kucha, tone kwa tone,
hadi buluu ikasimama kwenye chupa
kama jicho lisilopepesa.

Rangi ya peremende, alisema. Ya keki za arusi.
Haina dawa: ni maji, jua na subira.

Bwawa lake hunywa mto Nyamwamba,
na Nyamwamba hupita Kilembe,
kwenye vifusi vya shaba
vya mgodi uliofungwa kabla hajazaliwa.

Jumanne karatasi ya maabara ikarudi.
Risasi, ilisema,
na hakuna bunduki iliyolia.
Kobalti pia.

Aliinua chupa dirishani.
Buluu ileile. Haikuona haya.

Mwanawe akaingia, akatoa ulimi
kama kila jioni, aonjeshwe.