Ushahidi wa Fundi Baiskeli

Mheshimiwa, naitwa Ansumana Sonko,
fundi baiskeli wa Tendabantang, ukingo wa kaskazini wa Mto Gambia.
Naziba pancha, nanyoosha rimu, nakaza spoku.
Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuhesabu najua,
maana anayekopa husahau
na anayekopesha hana ruhusa hiyo.

Kwetu kura si karatasi, ni gololi.
Unachovya kidole kwenye wino, unapewa moja,
unaingia nyuma ya pazia, unaidondosha kwenye pipa la umtakaye,
na ndani ya pipa kengele inalia: ting!
Mara moja. Ikilia mara mbili, foleni nzima inageuza shingo.
Ndiyo maana siku hiyo kengele za baiskeli ni marufuku karibu na kituo.
Sheria ni nzuri. Sina ugomvi nayo.

Basi alfajiri nilisimama njiani na bisibisi,
nikavua kengele za baiskeli za watu,
kama anayewavua watoto viatu mlangoni.
Thelathini na saba. Nikazifunga kwenye kitambaa.
Kisha nikakaa nje ya ukuta wa darasa
na gunia la karanga alilonilipa mteja.

Sijui kwa nini nilianza.
Ting: nikatupa karanga moja ndani ya ndoo.
Ting: ya pili.
Kaddy Njie, aliyejifungua juzi, akiwa na mtoto mgongoni: ting.
Demba kinyozi, ambaye hatusalimiani tangu mwaka wa mafuriko: ting.
Yake na yangu zililia sawasawa.
Nakiri jambo hilo lilinikera,
kisha likanifurahisha mchana kutwa.

Kituo kilipofungwa, ndoo ilikuwa na mia sita na kumi na moja.

Jenereta likazimwa.
Gari lisilo na namba likasimama mlango wa nyuma.
Nilisikia miguu kwenye mchanga. Nilisikia watu wakihema, kama wabeba mzigo.
Kengele sikusikia.
Husemwa debe tupu ndilo lenye kelele;
lile pipa, Mheshimiwa, lilijaa bila kusema neno.

Gololi zilipomwagwa kwenye sinia la matundu, chini ya taa ya chemli,
zilitoka mia tisa na nne.

Bwana wakili ananiuliza: tangu lini karanga ikawa ushahidi?
Huenda ulikula nyingine.
Sikula hata moja. Na nilikuwa na njaa.

Lakini mumuite Nyimasata Darboe, msimamizi wa kituo, mwalimu wa hesabu.
Aliletewa fomu, na kalamu mpya, bado ina kifuniko.
Akatoka nje na tochi, akaiona ndoo, akachuchumaa.
Akahesabu kumi kumi juu ya mkeka wa mlinzi.
Hakuniuliza nilimchagua nani.
Akachukua wino ule wa vidole, usiofutika,
akaandika 611 mgongoni mwa mkono wake,
akarudi ndani, na fomu ikabaki nyeupe.

Yeye wamemhamishia shule isiyo na paa.
Kibanda changu kilichomwa; tairi, kama hamjui, huwaka siku mbili.

Na hili sikuulizwa, nalisema mwenyewe:
pipa lililojaa gizani ni la yule niliyempa gololi yangu.
Nilimpa kwa moyo wote, nikiwa nimenyoa, nimevaa shati la Ijumaa.
Sasa imelala humo na za wezi, zote za kioo, zote duara,
na hakuna awezaye kunionyesha ipi ni yangu.
Ndicho nilichoibiwa.
Siombi mshindi. Naomba turudi kwenye foleni,
na aliye nje ya ukuta aachwe asikie.

Kengele moja mwenyewe hajaifuata hadi leo.
Ninayo hapa mfukoni.
Askari wa mlangoni amenionya nisiipige humu ndani.
Sawa. Sheria ni nzuri.