Kina cha Kibaba

Kinu chetu kiko kando ya mto Iza,
gurudumu lake limeota kuvu upande wa kivuli,
na ujira wa msagaji huku Maramuresi
ni kibaba kimoja kwa kila gunia.
Ndivyo babu alivyotoza, na baba yake kabla yake.

Baba yangu, Gavrila, alitoza vivyo hivyo,
kibaba kimoja, mbele ya macho ya mwenye mahindi,
akikipangusa juu kwa ubao
asije akadaiwa hata chembe.
Tatizo halikuwa juu.
Usiku mmoja wa majani kupukutika
alichukua patasi
akalichimba tako la kibaba kwa ndani,
unene wa kidole kimoja, basi.
Haba na haba.
Methali mnaijua. Sisi tuliila.

Kwaresima kumi na tisa alikwenda kuungama.
Alipiga magoti, kasisi akamfunika kichwa kwa stola.
"Nimekuwa na tamaa," alisema. "Nimekuwa na hasira."
Maneno mapana kama blanketi,
hayaachi hata unyayo nje.
Akaondolewa dhambi, akafunga nyama na jibini,
na Jumatatu kinu kikanguruma.
Toba yake ilikuwa kama gurudumu lile:
linageuka kutwa kucha
na halijapiga hatua moja.

Mwaka wa ishirini akaja kasisi mgeni, Iustin,
kijana mwenye mafua, mtoto wa seremala.
Hakuuliza habari za tamaa.
Alipenga kamasi, akasema,
"Gavrila, kibaba chako kina kina gani?"

Baba alirudi bila kofia, theluji nywele tupu.
Alikitupa kibaba motoni;
mama akakitoa kwa koleo.
"Ukikichoma," alisema,
"deni lao utalipimia nini?"

Kesho yake tukapakia unga kwenye sleji.
Yeye alivuta, mimi nilisukuma;
nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kwa akina Dunca walipokea kimya, wakahesabu.
Mzee Pintea alicheka hadi akakohoa.
Mkwe wa marehemu Irina alimzaba baba kofi,
kisha akachukua unga.
Nilingoja baba arudishe.
Alijipangusa shavu, akashika kamba.

Majina mengine yalikuwa makaburini.
Alisimama pale na gunia begani
kama mtu aliyeachwa na treni.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Alipeleka magunia mawili kwa mayatima wa Sigeti,
wala hakujidai kwamba yamezoleka.

Mwisho, Anuta mjane,
aliyeleta mahindi yake mgongoni miaka yote hiyo.
"Nilijua," alisema, "tangu mwaka wa mafuriko.
Mkono wangu ni mizani."
"Mbona uliendelea kuja?"
"Kinu kingine kiko mbali."
Akafunga mdomo wa gunia, akakaza fundo,
akalikaza tena.
"Na nilitaka niwepo siku utakapojua wewe."

Husemwa toba ni machozi.
Baba hakulia, walau mbele yangu.
Aliumwa mabega hadi Pasaka,
na usiku ule wa mishumaa
aliimba kwa sauti nisiyoijua,
sauti ya mtu asiyesikiliza nyuma yake.

Lile shimo alilijaza nta ya nyuki,
kasisi akishuhudia, akipenga kamasi.

Sasa kinu ni changu.
Kila Kwaresima, kabla sijapiga magoti,
nakishusha kibaba ukutani
na kubonyeza ndani kwa kidole gumba.
Kila mwaka nta imebonyea kidogo.
Sijui kama ni joto la kiangazi,
au ni mimi.