Gunia la Kivumbasi

Shangazi Muhonja alilipima kwa jicho,
mizani hana. "Kilo saba," akasema, "na ubishi."
Kivumbasi, kwetu tukiita mwonyi,
kilichokaukia darini juu ya moshi wa jiko,
Shinyalu, upande ule msitu unakopumulia alfajiri.
Nikalipakata hadi Maseno kama mtoto wa watu.

Maabarani tuliyasaga majani, tukayaloweka kwenye spiriti
siku tatu, usiku na mchana.
Yakatoa maji mazito ya kijani, yanavutika kama mrenda.
Tukachuja, tukakausha, tukagawa,
chupa ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nne,
kila moja na namba yake,
hakuna yenye jina.

Ya tisa ndiyo iliyonikalisha chini.
Tone moja tu katika maji ya zambarau,
zambarau ya joho la askofu wakati wa Kwaresima,
na kabla sijaandika saa
rangi ikalegea,
ikawa ya waridi lililochoka,
ikawa manjano, soda ya nanasi ndani ya gilasi.
Maana yake: mle mna kitu
kinachopokea cheche kwa kiganja
kabla haijashika paa la mwili.

Na zile seli zenye hasira,
zinazompigia mgeni kamsa ya mwizi
kumbe ni chavua tu ya mahindi imepita njia,
zilipoonjeshwa ya tisa zilinyamaza.
Si zote. Sita katika kumi.
Profesa Ambani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Sita ni nyingi," akasema.

Nikapiga simu.
"Shangazi, tumeipata!"
"Mmepata nini? Kwani ilikuwa imepotea?"
Nikacheka peke yangu.
"Na gunia langu?"
Nikatazama kijichupa: unga mweupe,
chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili.
"Gunia ndilo hili," nikasema,
kana kwamba anaona.
Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.
"Na zile kumi na tatu,
mmezimwaga?"
Sinki ilikuwa mbele yangu,
bado ina utando wa kijani.

Mwezi wa sita mahindi yalichanua
kutoka Luanda mpaka Chavakali,
na mimi, miaka minane nikiisomea chafya,
nilipiga kumi na moja bila kituo
nikimwaga kahawa kwenye jedwali la matokeo.

Jumamosi nilikuwa Shinyalu,
nimeinamia sufuria, blanketi kichwani.
Mvuke ulipanda na harufu yake ya ukali na utamu,
machozi yakatoka, pua ikafunguka upande mmoja,
kisha wa pili, kama mlango wenye bawaba mbovu.
Nilijaribu gizani mle kuitambua ya tisa.
Zilikuja zote kumi na nne, zimeshikana mikono,
na nyingine ambazo sikuwahi kuzipa namba.

Shangazi akagonga blanketi kwa mwiko.
"Wewe! Umelala?"